Mstari wa Mfupishaji

Mji ule haukuwa na jina, wala wenyeji wake hawakuona ajabu, maana kila aliyezaliwa humo aliukuta hivyo. Ulikuwa na kilima kimoja, juu ya kilima nyumba ya mawe meupe, na ndani ya nyumba majaji tisa. Watu waliwaita Tisa, basi. Jaji akifa, aliyemfuata alivaa joho lake, akaketi kitini pake na kusema "kama tulivyokwisha kusema" kuhusu kesi iliyoamuliwa kabla bibi yake hajaolewa, na hakuna aliyecheka. Wakubwa ndivyo walivyo, hawafi, hubadilisha sura tu. Tisa walizungumza siku ya Alhamisi peke yake, na wapo watu wazima wenye akili zao walioapa kwamba wamewahi kuona Alhamisi mbili zikifuatana bila siku yoyote katikati. Ukiwauliza Ijumaa ilikwenda wapi, walikujibu kwamba hilo halijakatiwa rufaa.

Chini ya kilima aliishi Machano Fumu, mchambuzi. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza walio chini kilichosemwa na walio juu. Kila wiki gazeti lilitoa uchambuzi wake, na vinyozi waliusoma kwa sauti huku wembe umesimama hewani. Machano aliweza kukwambia Jaji wa Tatu atapiga kura gani kwa kuangalia alivyokunja mkono wa joho. Aliweza kukwambia ukimya wa Jaji wa Sita una maana nne, na zote nne zikawa kweli. Watu walimwita Mwalimu, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyopenda kukiri.

Kabla ya hapo, miaka ishirini na miwili nyuma, Machano alikuwa mfupishaji. Huu ni utumishi wa kale kule kilimani, na asiyeujua hawezi kuielewa nchi ile. Tisa husoma hukumu kwa saa nyingi, nyingine saa saba. Chini ya jukwaa lao kuna kiti kifupi na meza yenye unyoya mweupe wa kuandikia, na anayeketi hapo huyakamua maneno yote yale hadi yabaki mistari michache. Mistari hiyo bawabu huisoma kwa sauti mlangoni. Hukumu ndefu hupelekwa ghalani, hufungwa kamba, na hakuna anayeisoma tena, kwa sababu maisha ni mafupi na wakili ana watoto. Kinachosomwa mlangoni ndicho sheria. Kwa hiyo ukiuliza nani anatawala katika mji ule, yule asemaye au yule afupishaye, utakuwa umeuliza swali lililomnyima Machano raha tangu asubuhi ile mwanamke alipogonga mlango wake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga zake safi, viatu vimeliwa na njia. Machano alikuwa anakunywa uji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Nani mwenzangu?"

Mwanamke aliangalia sakafu. "Hilo ndilo lililonileta. Sina ruhusa ya kulitamka. Kule kilimani wananiandika Mrufani, na wewe niite hivyohivyo."

Alieleza akiwa amesimama. Dada yake aliugua katika mji mwingine, naye alikwenda kumuuguza. Alikaa siku mia na kumi, akamzika, akarudi. Katika mji wao majina ya watu wote huitwa sokoni kila asubuhi, na kila mtu huitikia. Yeye hakuwapo kuitikia. Aliporudi alimkuta mwanamke mwingine nyumbani kwao, anaitikia jina lake, amevaa kanga zake za shughuli, anampikia mama yake. Ofisi ya orodha haipendi jina likae tupu, maana wapo waliozaliwa baada ya orodha kujaa, wamepanga foleni tangu utotoni wakingoja jina liachwe. Huyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hakuiba kitu. Alipewa.

"Na mama yako?"

"Mama haruhusiwi kumfungulia mlango mtu asiye na jina. Akifungua, naye anapoteza lake. Nilisimama nje nikamsikia anakohoa, Mwalimu. Kikohozi cha mama yangu nakijua. Nikasema, mama, ni mimi. Nikamsikia anasogea mlangoni. Kisha akasema, ondoka mwanangu, watakusikia." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kesi yangu inaamuliwa Alhamisi hii. Wakili anasema kuna mstari mmoja tu unaonizuia. Nimekuja unieleze unatoka wapi, maana wewe umeyachambua yote."

"Mstari gani?"

Akausoma kwa kichwa, kama watoto wa mji wanavyoukariri darasa la pili: "*Asiyeitikia kwa siku mia hana jina, na asiye na jina hana mlango.*"

Machano aliweka kijiko chini. Mstari ule alikuwa ameuchambua mara nyingi. Aliwahi kuusifu kwa kurasa tatu kwa ufupi wake na mizani yake, na kusema kwamba ndani yake hekima ya Tisa imefika kileleni. Lakini asubuhi ile, ukitoka mdomoni mwa mtu aliyeumizwa nao, aliusikia kwa namna nyingine, na kitu kidogo kikamchoma. Alimwambia Mrufani arudi kesho. Alipofika mlangoni, mwanamke aligeuka.

"Mwalimu, mimi nipo?"

"Upo, dada. Nakuona."

"Basi andika hivyo," akasema, akaenda zake.

Ghala la hukumu ndefu lilikuwa nyuma ya kilima. Mtunza ghala alipomwona Machano alidhani amepotea njia, kwa kuwa katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kuja kusoma. Walikuja kuleta tu. Alimwonyesha rafu, akamletea kigoda, kisha akakaa karibu kumwangalia, kama mtu anavyomwangalia mgeni anayekula chakula kigeni. Machano alifungua kamba ya hukumu iliyozaa mstari ule. Kesi ilimhusu msafiri aliyefutwa katika orodha ya mwaka mmoja. Alisoma saa ya kwanza ya hukumu, ya pili, ya tatu. Tisa walizungumza juu ya barabara, juu ya mvua zinazochelewesha watu, juu ya fadhila ya subira. Katika saa ya sita walisema msafiri asihesabiwe mwaka huo, na akirudi ahesabiwe. Katika saa ya saba walitakiana heri. Mstari haukuwamo. Alisoma tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Haukuwamo.

*Nililala. Sasa nakumbuka. Saa ya sita jua lilihamia shingoni na njaa ikaniisha, na njaa ikishaisha mtu hulala. Nilipozinduka walikuwa wanapeana mikono. Bawabu amesimama, mkono umenyooshwa, anataka karatasi. Ningeweza kuuliza. Neno moja tu, Waheshimiwa, mmesemaje? Lakini mfupishaji haulizi. Mfupishaji akiuliza ameonyesha kwamba kuna kitu hakukisikia, na kama yeye hakukisikia, nani amekisikia? Nikaandika kilichokuja. Kilikuja kizuri. Kilikuja na mizani. Kama kingekuja kibaya ningekitilia shaka.*

*Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Mimi ndiye niliyelileta.*

*Na Tisa waliusikia ukisomwa mlangoni, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyeusema.*

Alikaa pale hadi mtunza ghala akakohoa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaeleza watu maana ya usingizi wake mwenyewe. Alihesabu kesi zilizosimama juu ya mstari ule: arobaini na moja. Watu arobaini na mmoja waliokuwa wakizunguka mjini wakipisha milango. Alikuwa akikutana nao. Alikuwa akiwaita "we bwana" na "we mama" na kupita, kama kila mtu.

Siku ya pili yake, ambayo huenda ilikuwa Jumatano, Machano alipanda kilimani na kugonga mlango wa chumba cha mashauri. Ndani ya chumba hicho huingia Tisa peke yao, bila karani, bila mhudumu wa chai. Desturi yao ni kwamba, mtu akigonga, jaji aliyeteuliwa mwisho ndiye ainukaye kufungua, hata kama ana nywele nyeupe. Aliyefungua alikuwa Jaji Tunu. Miaka kumi na minne alikuwa akifungua mlango ule, kwa kuwa wenzake walikataa kufa. Nyuma yake Machano aliwaona wanane wengine wamekaa, na kalamu zao, na kimya chao.

"Mwalimu Machano," alisema Jaji Tunu, akiuvuta mlango nyuma yake hadi ukabaki ufa. "Kuna mtu amekutuma?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Nimekuja kusema kwamba mstari wa siku mia hamkuusema ninyi. Niliutunga mimi. Nililala."

Jaji Tunu hakushtuka. Alimtazama kwa upole, na upole ule ulimtisha Machano kuliko ambavyo ukali ungemtisha.

"Wewe ni mmoja wa wenye kesi?"

"Hapana."

"Wakili wa mmoja wao?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni mwenye kosa."

"Mwenye kosa hana nafasi hapa. Hapa wanasikilizwa wenye kesi." Alishusha sauti. "Nyumba ikishahamiwa, Mwalimu, msingi haufukuliwi. Wenzangu wameujengea mstari huo ghorofa arobaini na moja. Leo niwaambie chini hakuna jiwe, kuna mtu aliyesinzia? Watasema, na ukisinzia ukaota kweli, je? Watasema, kama umeuacha mstari miaka yote hiyo bila kuuita wako, kwa sheria yako mwenyewe si wako tena."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nafungua mlango," alisema Jaji Tunu. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Mfupishaji wetu ana homa tangu juzi. Desturi inasema nini mfupishaji asipokuwapo?"

"Huitwa aliyewahi kukalia kiti, kama yupo ukumbini."

"Basi kesho uje mapema, maana viti vya umma hujaa." Akaingia, akafunga.

Machano alishuka kilima polepole. Alimkuta Mrufani akimngoja mlangoni, akamweleza yote aliyoyakuta ghalani. Nyumbani alijaribu kuandika uchambuzi wa wiki, na sehemu yake imebaki:

*Kuhusu shauri la Mrufani na Ofisi ya Orodha. Wasomaji wataniuliza Tisa watasema nini kesho. Watakataa, saba kwa wawili. Nimekosea mara chache. Wasomaji hawajawahi kuniuliza nani anasema pale Tisa wanaposema. Sikuwahi kujiuliza pia, kwa sababu jibu lilinilisha. Mahakama ya mwisho ni mahali ambapo swali linakoma. Halikomi kwa kuwa limejibiwa. Linakoma kwa kuwa hakuna mlango mwingine wa kugonga. Watu tunahitaji mahali pa namna hiyo, la sivyo tungegombana milele. Lakini nani anamjua mtu aliyekaa chini ya jukwaa, tumbo tupu, jua shingoni*

Hapo iliishia, bila nukta.

Alhamisi ilifika kwa wakati wake. Tisa waliingia, wakapeana mikono kila mmoja na kila mwenzake, mikono thelathini na sita, kama walivyofanya kabla ya kila kikao ili wasije wakasahau kwamba wao ni kitu kimoja. Bawabu Mbaruku, mzee mwenye sauti ya kuamsha mji, aliuliza kama ukumbini yupo aliyewahi kukalia kiti kifupi. Machano aliinuka. Akaenda, akaketi. Mrufani alikuwa benchi la mbele, hatua mbili tu kutoka mezani kwake.

Safari hii hakulala. Alikuwa ameshiba makusudi, kisha akajibana vidole kila robo saa. Jaji Mkuu alisoma saa tano. Alisema Mahakama inamhurumia Mrufani. Alisema huruma si sheria. Alisema mstari wa siku mia ni wa kale na umetulia, na kilichotulia kisikorogwe. Rufaa ikakataliwa, saba kwa wawili. Jaji Tunu alikuwa miongoni mwa wawili, na maoni yake yalikuwa sentensi moja: kwamba yeye aliupekua msingi na hakukuta jiwe. Wenzake walitazama dari. Tisa wakainuka, wakapeana mikono tena, wakatoka. Jaji Tunu alitoka wa mwisho, na alipopita kando ya meza alisogeza kidau cha wino kwa kidole, kikamkaribia Machano.

Bawabu alikwenda kufungua mlango mkubwa, na mlango ule ni mzito, huchukua muda.

"Mwalimu," alinong'ona Mrufani kutoka benchini. "Andika nimeshinda."

Machano hakuinua uso.

"Hakuna atakayesoma ile ndefu. Wewe mwenyewe ulinambia jana. Uliandika uongo usingizini ukanitoa kwetu. Unashindwa kuandika mwingine ukiwa macho, unirudishe?"

*Ana haki. Maneno mawili tu: rufaa imekubaliwa. Bawabu atasoma, mji utaitikia, mama atafungua. Na yule mwingine, aliyengoja foleni tangu utotoni, atatolewa kabla ya magharibi, na hatakuwa na benchi la kuja kulilia. Nitakuwa nimemhukumu mtu bila kumwona, mara ya pili. Na mara hii sitakuwa na usingizi wa kuusingizia. Ee Mola, mkono huu umenenepa kwa uongo mmoja; ukionja wa pili utajiona ndio jaji wa kumi.*

Lakini alimpenda yule mwanamke wakati ule, alimpenda kama mtu anavyompenda yule ambaye yeye mwenyewe amemjeruhi, na ilimuuma sana. Aliuchovya unyoya. Aliandika taratibu, maandishi ya shule, kila herufi imesimama. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mfupishaji aliyewahi kulifanya: chini aliandika jina lake. Bawabu alichukua karatasi bila kuitazama, maana bawabu husoma kwanza kwa mdomo, macho yanafuata.

"Mahakama imekataa rufaa," ilinguruma sauti ya Mbaruku mlangoni. "Mstari wa siku mia haukutamkwa na jaji yeyote. Niliutunga mimi nilipolala kazini, na kwa kuwa haukusemwa, haupo. Machano Fumu, mfupishaji." Hapo macho yalimfika, sauti ikapungua. Lakini lilikuwa limeshasomwa mlangoni.

Ngazi za mlango zilikuwa zimejaa watu. Kisha mtu mmoja, aliyekuwa akiuza njugu pale chini miaka kumi na sita akiitwa "we bwana", aliweka kikapu chini na kusema, "Mimi ni Abeid." Akalisema tena, kama anayejaribu meno mapya. Mwanamke aliyefagia ngazi akasema lake. Kila aliyesema aliangaliwa, na aliyeangaliwa alilia. Watu arobaini na mmoja hawakuwapo wote, lakini waliokuwapo walitosha kuujaza uwanja. Hukumu zao zilisimama juu ya mstari, na mstari umeondoka.

Mrufani alisimama kando ya nguzo. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Na mimi?" alimuuliza Machano.

Machano alijua jibu kama mtu ajuavyo kaburi la baba yake. Wale wengine waliamuliwa kwa mstari. Yeye aliamuliwa leo, kwa rufaa yake mwenyewe, na uamuzi umesomwa. Jina lina mtu, na mtu huyo si yeye. Hakuna mlango mwingine wa kugonga.

"Wewe umekataliwa," alisema. "Nisamehe."

Mwanamke alikaza kanga yake. Hakumtukana, na Machano alitamani amtukane.

"Umesema kweli," alisema mwisho, "na kweli imewafaa watu wote isipokuwa aliyekuja kuiomba."

"Nitaandika uchambuzi. Nitaeleza kila kitu. Gazeti la kesho..."

"Usiandike. Umeandika ya kutosha. Twende kwa mama yangu ukamwambie kwa kinywa chako."

Wakaenda. Machano alikuwa akitafuta maneno, akayapanga, akayapunguza, akaona yote yana mizani na yote hayafai. Katika maisha yake hakuwahi kumweleza mtu habari mbaya uso kwa uso. Ilikuwepo karatasi siku zote.

Nyumba ilikuwa na mlango wa kijani. Aliyefungua ni yule mwanamke wa pili, mwembamba, mikono ina unga. Alipomwona Mrufani alirudi nyuma hatua moja, na hofu iliyokuwa machoni mwake ilikuwa ya mtu ambaye kila siku ameitarajia siku hii.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani, kisha kikohozi.

"Mama, naitwa Machano Fumu," alisema mchambuzi kutoka kizingitini. "Mimi ndiye niliyemfanya mwanao akae nje. Niliandika jambo ambalo halikusemwa. Leo nimelifuta, sasa hakuna sheria inayokukataza kumfungulia. Lakini jina halikurudi. Mahakama imesema jina ni la huyu aliye ndani."

Kikongwe alitokea akijishikia ukuta. Alimtazama Machano, akamtazama mwanamke mwenye unga mikononi, akamtazama yule aliyesimama nje na viatu vilivyoliwa na njia. Mrufani alikuwa analia, mdomo wazi, kama mtoto.

"Jina lao na wampe wampendaye," alisema mama. "Mimi sikuzaa jina."

Akanyoosha mkono nje ya kizingiti, akamshika bintiye kifundo cha mkono, akamvuta ndani. Kisha akamwambia yule mwingine, bila kumwachia wa kwanza, "Na wewe usisimame hapo kama mgeni. Ongeza maji kwenye unga, tumekuwa watatu."